Jinsi Upepo Ulivyoipata Njia ya Mlima Vudena

Zamani, kabla babu za babu zetu hawajazaliwa, upepo haukujua kupanda mlima. Ulilala tu tambarare, chini ya Mlima Vudena, kama ng'ombe aliyeshiba. Huko chini joto lilikaa palepale lilipoangukia, siku baada ya siku, hata maziwa yakachacha kabla hayajafikishwa nyumbani. Na huku juu ukungu uliufunika mlima mwaka mzima. Watoto wa juu walilijua jua kwa kusimuliwa. Mtama wao ulioza ungali mbichi, na kuni zao zilitoa machozi zaidi kuliko moto.

Watu wa juu na watu wa chini walioleana, wakatembeleana, wakapeana pole. Lakini kila upande uliamini kwamba shida yake ni ya kwake peke yake.

Huko juu aliishi mjane mmoja, Nakiete, mfinyanzi wa vyungu. Binti yake wa pekee, Nanzia, aliolewa tambarare na Mbonea, na mwaka huo akajifungua mtoto wa kiume. Nakiete alishuka kumwona mjukuu. Alimkuta amelazwa juu ya ngozi iliyoloweshwa maji, macho nusu wazi, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Wiki hiyohiyo majirani walikuwa wamezika watoto wawili.

"Tunapepea mpaka mikono inakufa ganzi, mama," Nanzia alisema. "Ukipumzika kidogo tu, joto limerudi."

Nakiete alimpakata mtoto. Alikuwa ameishi na moto tangu usichana wake, na alijua kwamba joto halipendi kukaa chini. Likipewa njia, hupanda.

"Haliondoki kwa sababu halina pa kutokea," alisema. "Sisi tumefunikwa kule juu, na nyinyi mnaungua huku chini. Ni chungu kimoja."

Akapanda mlima hadi kwa Mfumwa Kajiru, mtawala wa Vudena, akaomba ruhusa ya kuwasha moto mkubwa kwenye korongo linalotoka tambarare hadi kileleni.

"Kuni zetu zimelowa, Nakiete," Mfumwa alimjibu. "Hata za kupikia hazitutoshi."

"Za tambarare ni kavu, Mfumwa."

"Na nani atazikata kwenye joto lile?"

"Wenye watoto," alisema Nakiete.

Mfumwa akakubali, nao wakazikata kweli. Mbonea aliwaongoza wenzake, wakarundika kuni mahali korongo linapoanzia, wakawasha. Lakini moshi haukupanda. Ulijikunja, ukatambaa chini, ukarudi vijijini. Watoto wakakohoa, wazee wakatolewa nje. Wanaume kadhaa walitupa mashoka yao na kuondoka bila kuaga.

Mbonea alimjia mama mkwe wake akiwa ameinamisha macho. "Mama, nisamehe kwa kusema. Tumewaongezea watoto moshi juu ya joto."

Nakiete alikaa kando ya majivu. Akajiuliza tanuri lake la kuchomea vyungu hufanya nini siku za masika, linapokuwa baridi na limejaa unyevu. Ukiliwasha mdomoni, linakutemea moshi usoni. Basi yeye hufanya nini? Huchukua konzi ya nyasi kavu, akaichoma kwanza kwenye tundu la juu. Kichwa cha tanuri kikishapata moto, tanuri lenyewe huanza kuvuta.

Akasimama mbele ya wote. "Kosa ni langu," alisema. "Tumewasha mdomo. Tulitakiwa kuwasha kichwa. Kuni ziende kileleni."

Kileleni palikuwa mwendo wa siku nzima. Watu wa tambarare walibeba mizigo hadi katikati ya mlima, na hapo wakawakuta wanawake wa Vudena wameshuka kuwapokea. Siku ya tatu Mfumwa Kajiru naye alitwaa furushi, akalitia begani kama mtu yeyote, akapanda.

Moto uliwaka asubuhi. Zile kuni kavu zililia, na joto likapanda moja kwa moja, likautoboa ukungu. Tundu likafunguka, likapanuka, na jua likapita. Watoto wa Vudena walijifunika nyuso kwa viganja. Miamba iliyokuwa baridi tangu kuumbwa kwake ilianza kupata moto, na hewa iliyoigusa nayo ikapanda. Mahali palipoachwa wazi pakahitaji hewa nyingine.

Nakiete aliona nyasi za korongoni zikilala kuelekea juu. Kisha akahisi nguo yake ikimgandamiza miguuni kwa nyuma. Upepo ulikuwa umefika.

Hakungoja sifa. Alianza kushuka saa ileile. Jua lilipoelekea kuzama, miamba ilipoa, na upepo uliokuwa juu ukawa baridi na mzito, ukateleza kurudi ulikotoka. Ulimpita njiani, ukatangulia. Alipoingia nyumbani kwa Nanzia, mlango ulikuwa ukigongagonga wenyewe, na upepeo wa kumpepelea mtoto ulikuwa umewekwa chini. Mjukuu wake alikuwa amelala, mdomo umefumbwa, anapumua polepole.

Na tangu siku hiyo hapajahitajika moto wa kuni Vudena. Jua lenyewe huipasha miamba kila asubuhi, na upepo hupanda. Miamba hupoa jioni, na upepo hushuka. Wageni wakiuliza, wenyeji hunyoosha migongo na kuwaambia kwamba njia hiyo ilifunguliwa na watu wao, kwa mabega yao. Mchana watu wa tambarare, kwa kuwa sasa hata juu ni kwao, husema, "Upepo umekwenda kwetu juu." Na jioni watu wa mlimani, wakifunga madirisha, husema, "Umekwenda kwetu chini."