Karai la Kanisia

"Mgeni mpe karai, bwawa litamngoja." Methali hii mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni habari ya kunawa mikono. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Katika milima ya Umatengo aliishi mjane, Kanisia Hyera. Mumewe Ditram alimwachia bwawa la sato, aliowazoesha kuja juu wakisikia kopo la pumba likigongwa. Kila asubuhi Kanisia aligonga, samaki wakajaa juu ya maji, naye akahisi mumewe yu nyuma yake. Alimkumbuka mno, wala hakuona haya kusema.

Mwaka mmoja binti yake Skola, aliyepotelea mjini muda mrefu, alirudi na mfuko wa vifaranga vya sato, wanene, wanang'aa. Nchimbi, bwana samaki wa kata, akafika kuwaona samaki hao.

"Mama, wakae kwanza kwenye karai pamoja na wawili wa kwako," alisema. "Virusi havionekani kwa macho. Wageni wakiwa wamebeba ugonjwa, wenyeji watatuonyesha kwa kuugua."

Kanisia aliguna. Kwao mgeni hupokelewa mzigo mlangoni, haachwi uani.

"Mwanangu karudi na zawadi, mimi niilaze nje? Watu watanionaje?"

Akawamimina bwawani.

Haukupita muda, sato wa Ditram wakaanza kuelea kwa unyonge, macho yana ukungu, ngozi imechubuka. Nchimbi alichukua vipande vya maini akavipeleka maabara. Majibu yakaja: virusi, na dawa hakuna. Asubuhi moja Kanisia aligonga kopo, maji yakanyamaza. Akaendelea kugonga mpaka Skola akamshika mkono.

Walikausha bwawa, wakamwaga chokaa, wakalijaza maji upya. Likakaa bila samaki, naye akawa anapita mbali nalo.

Ndipo shemeji yake Egno alipokuja na ndoo kutoka ng'ambo ya mlima. Zamani Ditram alimpa mbegu ya samaki wake, na hawa walikuwa uzao wao. Kanisia alichungulia ndoo akalia. Skola akaibeba haraka kuelekea bwawani.

"Iweke chini," mama yake alisema. "Lete karai. Kisha nenda kwa Nchimbi ukaombe wawili wazima wa kukaa nao."

"Mama! Hata hawa wa baba?"

"Hasa hawa, kwa sababu ndio ninaowataka. Mgeni mpe karai, bwawa litamngoja."

Alikaa kando ya karai siku baada ya siku, akibadilisha maji, kopo mapajani, hagongi. Wale wawili wa Nchimbi hawakuugua, na maabara nako wakasema samaki ni wazima. Ndipo Kanisia akawamimina bwawani, akagonga kopo.

Hawakuja. Nani alikuwa amewafundisha? Kanisia akacheka huku machozi yanamtoka, akamwaga pumba, na kesho yake akaja kugonga tena.

Kwa hiyo mtu wa kule akikitamani kitu mpaka roho inamuuma, wenzake humshika bega wakamwambia: mgeni mpe karai, bwawa litamngoja.