Kitanda cha Mteja wa Kwanza

Hapo zamani, si zamani ya babu, zamani hii hii ya juzi, kadi za benki zilishajaa kwenye pochi za watu, palikuwa na banda la vitanda kule Keko. Kisa hiki akikuhadithia mtu mwingine utasinzia. Nikikihadithia mimi, hata jenereta linanyamaza lisikilize.

Mwenye banda alikuwa Chausiku, mama mjane. Fundi wake Mwinjuma. Huyo Mwinjuma, wallahi, akichonga ua kwenye ubao wa kichwani, nyuki wanakuja. Kitanda chake tembo analala, anageuka ubavu, na jirani hasikii kitu. Bila Mwinjuma, banda lile ni la kuanikia nguo tu. Makubaliano yao yalikuwa haya: fundi anachukua posho kila siku, kitanda kikiuzwa anamaliziwa elfu ishirini.

Siku moja akaja Elibariki, mtu wa mashine za kadi.

"Mama, mashine hii unapewa bure."

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa. Kuna makato madogo tu mteja akilipa."

"Madogo ni madogo," akasema Chausiku, akaiweka pale mlangoni kila mtu aione.

Asubuhi ya pili, banda halijafagiliwa, akaingia Mzee Kihwelo, anamuoza binti yake. Na nyie mnajua, mteja wa kwanza wa asubuhi haachwi akatoka mikono mitupu. Akitoka hivyo, siku nzima imeharibika. Chausiku akaanzia laki tisa. Mzee akataja nne. Wakapanda, wakashuka. Wakapanda, wakashuka. Walibishana mpaka kuku wa jirani akaatamia akatotoa.

"Mzee wangu, laki sita. Hapo ni hela ya mbao na ya kummalizia fundi. Mimi sipati hata ya chai. Nifungulie biashara tu."

"Ndiyo bei ya mwisho?"

"Ya mwisho kabisa."

"Haya." Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa kadi. Mashine ikalia, karatasi ikatoka, wakapeana mikono. Kitanda atakifuata kesho na gari.

Kesho ikafika, na hela ikaingia kwenye simu ya Chausiku, pungufu elfu kumi na nane. Akamwita Elibariki.

"Hii nini?"

"Makato, mama. Elfu tatu kwa kila laki. Laki sita, elfu kumi na nane."

"Mimi nilijua mnakata kwenye faida."

"Mashine haijui faida, mama. Inaona bei nzima. Upate faida, usipate, inakata."

Mwenye mbao, aliyemkopesha mbao za kitanda, naye alishasimama mlangoni, akachukua chake chote. Ikabaki elfu mbili. Mwinjuma akaitazama ile elfu mbili, akaenda kukaa juu ya kitanda. Mara kirikuu, kile kigari cha mizigo, kikaingia na Mzee Kihwelo.

"Fundi, shuka tupakie," akasema mzee.

"Nikishuka hapa bila elfu kumi na nane zangu, nashukia banda la ng'ambo ya barabara. Wananitaka siku nyingi."

Chausiku akamgeukia mzee. "Mzee wangu, ile ilikuwa bei ya noti. Umenikamua mpaka mwisho, ndiyo ukatoa kadi. Ungeionyesha mapema ningeishia juu kidogo."

"Mashine umeiweka wewe, mama, tena mlangoni. Tumekubaliana sita, nimelipa sita. Kumbe bei ya mwisho ina nyingine nyuma yake?"

Chausiku akamgeukia Elibariki. "Wewe uliniambia bure."

"Mashine ni bure, na makato nilikutajia. Hukuniuliza kiasi gani. Na mzee huyu, bila mashine ungemuuzia?"

"Noti sikuwa nazo," akasema mzee. "Ningekwenda ng'ambo. Lakini na wewe, kumwambia ni ngapi, mdomo ungechanika?"

"Basi tugawane wote wanne," akasema Chausiku.

Mwinjuma akacheka kwa pua. "Wanne? Mashine sikuileta, bei sikutaja, kadi sina. Mimi nimechonga."

"Ulikuwa hapo hapo unapiga msasa, fundi," akasema mzee. "Ulisikia tumeshuka mpaka kwenye hela yako, ukanyamaza."

"Bei ni ya mwenye banda. Fundi akitia mdomo kwenye bei anaambiwa mshari."

Chausiku kashika simu yenye elfu mbili. Dereva anauliza azime gari au asizime. Mwinjuma yuko juu ya kitanda, anaangalia ng'ambo ya barabara.

Kisa hiki nimekipeleka kwenye vijiwe vyote vya mji huu, na kila kijiwe kimevunjika kwa ubishi. Sasa nawaachia nyie. Je, nani alistahili kuzitoa zile elfu kumi na nane, ili Mwinjuma ashuke na asivuke barabara?