Samaki Waliotiwa Gerezani

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alikuwako Sultani aliyependa samaki aitwaye changu kuliko chakula chochote. Siku moja mpishi akamwandalia samaki mwingine, tasi, mwiba ukamkwama kooni, akakohoa hata kilemba kikaanguka. Alipopata sauti akatoa amri: "Tangu leo, samaki atakayepanda pwani yangu ni changu peke yake. Mwingine yeyote na atiwe gerezani! Asiliwe, asiuzwe, wala asirudishwe baharini."

Basi wavuvi wakashika tama. Katika dema, mtego wao wa samaki, huingia samaki kumi, na changu humo ni mmoja. Huyo huenda kwa Sultani, na wale tisa ndio kitoweo cha mji mzima. Siku ile askari wakasimama pwani, na watoto wa Vuai wakala muhogo mkavu. Huyu Vuai alikuwa mvuvi fukara ambaye watu walimwita punguani, naye akawaacha wamwite. Lakini alipomwona mwanawe mdogo akilamba sufuria iliyobakiwa na harufu ya mchuzi wa jana, moyo ulimuuma kwelikweli.

"Nakwenda kuomba kazi," akamwambia mkewe, Mize.

"Nani atakupa kazi wewe?"

"Sultani. Amepata wafungwa, hana msimamizi."

Sultani aliposikia ombi hilo alicheka, akampa funguo za gereza, lililokuwa chini ya baraza yake hasa. Ikawa kila asubuhi Vuai hupokea matenga pwani, akawatia ndani pono, puju, chewa na wengineo wa kila rangi, kisha akafunga mlango. Ilimkera kufungia chakula huku kwake hakuna kitu, ila alijikaza. Askari nao walimpisha, maana amri ilikuwa inatimizwa.

Siku ya tatu wakafika wageni wa Sultani kutoka mji wa ng'ambo. Kahawa haijamiminwa, mgeni mkuu akajiziba pua kwa ncha ya joho.

"Vuai!" Sultani akanguruma. "Uvundo gani huu?"

"Wafungwa, Maulana. Wametimia mia tatu na sita, hakuna aliyetoroka. Samaki mmoja tu, mkunga mwenye meno makali, alitaka kumng'ata bawabu, nikamzidishia kifungo."

Wageni wakaangua kicheko. Sultani akaona haya hata masikio yakamwasha.

"Watoe upesi!"

"Niwapeleke wapi, Maulana? Kuliwa umekataza, kuuzwa umekataza, baharini umekataza. Kimebaki chumba chako cha kulala."

Sultani akajaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda. "Basi amri nimeifuta! Hao wazikwe, na wa kesho ale kila mtu. Nawe, ewe punguani, omba utakacho."

"Naomba mpishi wako ashinde siku moja kwa mke wangu Mize, Maulana, ajifunze kuchambua miiba."

Sultani akacheka hata kilemba kikaanguka mara ya pili, akampa Vuai gunia la mchele. Kesho yake kwa Mize palikaangwa pono, na yule mtoto alishiba mpaka akasinzia tonge mkononi. Mpishi alionja, majirani walionja. Mimi msimulizi nilichelewa, nikakuta sufuria imeshaoshwa.