Nani Atampima Micheni?

Mbeba dawa naye huugua. Methali hii ilianzia mlimani, wala si zama za kale kama mnavyodhani. Asubuhi mwalimu wenu wa huduma ya kwanza aliitamka, mkaiandika upesi, kisha Nkatha akaja hapa jikoni kuniuliza imetoka wapi. Amefanya vizuri kuuliza, maana wengine huandika tu. Basi sogeeni karibu na moto. Maharagwe bado hayajaiva, na mimi nilikuwepo methali hii ilipozaliwa.

Wakati huo nilikuwa mpishi wa kikundi chetu cha waongozaji na wapagazi, upande huu wa Chogoria. Sanduku la dawa na mtungi wa oksijeni vilibebwa na mwongozaji mmoja, Micheni. Kila yalipotangazwa mafunzo ya huduma ya kwanza, kikundi kilitakiwa kupeleka mtu, nasi tulimpeleka Micheni. Yakaja mafunzo ya juu zaidi, ya kumhudumia mgonjwa mahali ambapo gari halifiki wala simu haishiki mtandao. Tukampeleka yeye yule. Akirudi alitaka kutufundisha, nasi tulimpa sikio moja, lingine likiwa kwenye sufuria. "Kwani Micheni si yupo?" Ndivyo tulivyozoea kusema. Hata mtu akijikata kidole kwa kisu cha vitunguu, alimngoja Micheni afike ndipo atafute kitambaa.

Nisimseme vibaya, kazi yake aliijua. Tukifika kambi ya juu, kabla mgeni hajaonja chai, alichora mstari ardhini kwa fimbo na kumtembeza juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Alitueleza kwamba mlima ukimpanda mtu kichwani kwa uhaba wa hewa, miguu husema kabla ya mdomo. Anayeyumba hangoji kesho, anateremshwa saa hiyo hiyo. Sisi wapagazi na wapishi tuliuona kama mchezo wa watoto. Tulisimama kando tukiwacheka wageni.

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya walimu watatu kutoka Kisumu. Micheni hakuanza nasi, kwa sababu alikuwa kwenye mazungumzo ya mahari ya mpwa wake. Tukatangulia polepole, tukilala njiani ili miili izoee, kama yeye mwenyewe alivyotuagiza. Sanduku la dawa na mtungi vilibaki kwake, na hatukuona ajabu kupanda bila dawa. Naye akatufuata akiwa na sanduku na mtungi mgongoni, akapanda kwa siku moja njia tuliyoipanda kwa siku tatu. Alasiri akatukuta kambini kando ya ziwa. Tulimpigia makofi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anayewakataza wengine haraka amefanya haraka. Tulisema huyu ni mwenyeji wa mlima.

Mimi nilianza kushangaa alipokataa wali wangu, maana yeye na wali wangu walikuwa hawaachani. Akasema ameshiba njiani. Akachora mstari wake, ukatoka umepinda kama njia ya ng'ombe, na wageni wote watatu wakaupita salama. Kisha akatangaza kwamba hatulali. Tutaondoka jioni ile ile kuelekea kileleni, na kileleni kwenyewe kulikuwa kumefunikwa na wingu zito. Tulitazamana. Lakini nani angembishia? Yeye ndiye aliyekuwa akiamua nani mgonjwa na nani mzima.

Mmoja wa wale walimu, mama aitwaye Awino, alikuwa mtu wa maswali. Akauliza kwa upole, "Samahani, huyu anayetupima, yeye hupimwa na nani?"

Wapagazi wakacheka. Halafu kicheko kikaisha chenyewe. Kaari, mwanamke pekee kati ya wapagazi wetu, akaiokota ile fimbo na kuchora mstari mwingine, ulionyooka.

"Baba Kendi," akamwambia Micheni, "tafadhali tembea hapa."

"Mimi? Mstari huu nimeuleta mimi kwenye mlima huu."

"Ndiyo maana hautakushinda."

"Na wewe umeyasomea haya lini?"

"Sijayasomea. Wewe ulitufundisha, na mimi nilikuwa nasikiliza. Tembea hatua chache tu, mzee wangu. Ukipita, nitakuomba msamaha mbele ya watu wote."

Micheni akaingia mstarini. Hatua ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ikaenda pembeni, akasema amekanyaga jiwe. Hapakuwa na jiwe. Akarudia, akayumba, akaniangukia, na nilipomdaka nikaona macho yake hayanijui. Niliogopa, watoto wangu. Sijawahi kuogopa mlimani kama siku ile.

Mtu mmoja akasema apewe oksijeni. Tukautoa mtungi. Tulikuwa tukiuona kila safari, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejua unavyofunguliwa. Tukamwuliza Micheni mwenyewe. Akazungusha vidole hewani, pasipo na mtungi, akatuambia tayari.

"Liko jambo moja nalikumbuka," Kaari akasema. "Alisema dawa ya kwanza ni kushuka."

Tukawaacha wageni na wapagazi wengine. Mimi niliacha sufuria motoni, nikamshika Micheni kwapa la kushoto na Kaari la kulia, tukateremka naye. Alitugombeza njia nzima. Alituita wasaliti, akajaribu kurudi juu. Tulipofika kwenye miti ya kwanza, ugomvi ukapungua. Tukazidi kushuka. Mwishowe akaomba maji, akanywa, kisha akauliza, "Wageni mmewaacha na nani?" Kaari akaketi chini akalia, kwa kuwa hapo tulijua mtu wetu amerudi.

Naliona swali machoni mwako, Nkatha. Hata mimi lilinisumbua. Mtu anayejua dalili zote alikosaje kuziona? Nilimwuliza alipopata nafuu.

"Mutegi," akanijibu, "dalili niliziona. Niliziona kwenu. Nilidhani ninyi nyote mnayumba."

Mafunzo yalipotangazwa tena, macho yetu yalimgeukia yeye kama kawaida. Hakukubali. Alisema safari hii atabaki jikoni, na sisi sote twende, mpaka mpishi. Nikamwuliza nani atapika. Akasema atapika yeye, na tuliporudi tulikula alichopika bila kulalamika, kwa mapenzi tu. Tangu siku hizo, kikundi chetu kikifika kambini, wa kwanza kutembea mstarini ni yule mwenye sanduku mgongoni. Wageni wakiuliza sababu, tunawapa methali yenu hii, maneno aliyoyasema Micheni siku ile akikoroga ugali wake mbichi.

Haya, maharagwe yameiva, leteni sahani. Lakini nimewaficha jambo moja. Mwalimu wenu anayewachorea mstari kila siku, mkatembea mmoja mmoja naye akiwatazama, huyo mnayemwita Mwalimu tu, ndiye Kaari. Kesho mtapanda naye kambi ya juu. Atawapima wote, kisha atasimama kidogo na fimbo yake mkononi kana kwamba amesahau kitu. Hajasahau. Anangoja kuona nani kati yenu atanyoosha mkono aiombe ile fimbo, kwa kuwa mbeba dawa naye huugua.