Msururu wa Nguchiro Wanaohama

Hapo zamani za kale, ila si za kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, aliishi Bibi Nguchiro, jina lake Mashavu. Kwa umbo alikuwa mdogo kama kata ya kuchotea maji. Lakini kichwani alihifadhi majina arobaini na mawili ya mababu wa ukoo wao, na hakuruka hata moja.

Desturi ya nguchiro ni hii, wajukuu: mtoto akitimiza siku saba, bibi yake humsomea sikioni majina hayo yote bila kukatika. Yakikatika, yanaanzwa upya. Jua likizama hayajaisha, mtoto hukaa bila jina, akaitwa "wewe" mwaka mzima.

Binti yake, Mwanashehe, alikuwa amejifungua ng'ambo ya milima, hivyo majina yangesomwa kwa simu, na siku ya saba ilikuwa kesho. Kampuni ya simu ya msituni ilikuwa imetangaza ofa: ukilipia intaneti ya nyumbani pamoja na laini ya simu, unapiga bure mwezi mzima. Bibi alilipia vyote viwili, lakini simu za bure hakuziona. Alipopiga kufanya majaribio, salio liliisha kwa babu wa tano. Ti, ti, ti, kimya.

Akaenda ofisini. Kwenye kaunta ya intaneti alikaa Kiboko, kwenye ya simu alikaa Faru. Kiboko akamwambia ofa ni mambo ya simu, aende kwa Faru. Faru akamwambia ofa ni mambo ya intaneti, arudi kwa Kiboko. Akaenda akarudi, tapu tapu tapu, mara tisa. Kati ya kaunta hizo palikuwa na hatua nne tu, lakini katika ofisi ile anayeinuka kumfuata mwenzake huhesabiwa kuwa mdogo wake.

"Si yuko hapo tu? Mwite," Bibi akasema.

"Aje yeye," akajibu Kiboko. "Wewe bibi, rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo mjukuu wangu ataitwa 'wewe'."

"Mbona zuri tu. Fupi."

Bibi alirudi nyumbani akawakusanya ndugu zake saba, akawapanga, akawagawia kofia, kanga na miwani. Alijua kwamba Faru haoni vizuri, na Kiboko anaona, ila hana mazoea ya kuwatazama wadogo.

Alasiri Bibi akaja akasimama kando ya kaunta, na msururu ukaingia. Kila nguchiro alionyesha laini yake kwenye kaunta, akasema anafunga simu na intaneti, anahamia kampuni ya Popo. Kisha akatokea mlango wa nyuma, akabadilisha kofia, akazunguka nyumba, akaingia tena kwa mbele. Faru akahesabu thelathini. Akahesabu sitini. Jasho likaanza kumtoka.

Mjomba Kirobo, mmoja wa wale ndugu saba, alipopita kwa mara ya kumi, amejitanda kanga, Faru akamkazia macho. "Huyu mama mbona ana ndevu?"

"Zimeota akingoja ofa yenu," Bibi akasema.

Faru akaendelea kuhesabu. Walipofika mia mbili, yeye na Kiboko waliinuka kwa pamoja, wakakutana katikati, pu! Kila mmoja akamuuliza mwenzake watamwambia nini meneja wao, Tembo, akikuta ofisi haina mteja hata mmoja.

"Mama," Kiboko akasema kwa sauti laini, "tukupe nini usihame na watu wako?"

"Ofa ile mliyoibandika ukutani."

Wakainamia mashine moja, vichwa vimegusana, wakabonyeza, chap. Kazi ya siku nzima ikaisha kwa muda wa kupiga chafya.

"Na hao mia mbili?" Faru akauliza.

"Nitazungumza nao," akasema Bibi. Nje, ndugu saba walikuwa wamelala chini kwa kuchoka na kucheka.

Kesho yake alipiga simu asubuhi, akaanza kusoma taratibu, babu baada ya babu, na hakuna kilichokatika. Alipomaliza jina la arobaini na mbili, mtoto kule milimani akapiga mwayo, akaitwa Mwanaidi.

Basi wajukuu, shikeni hili: wakubwa wa namna hiyo hawasikii wakiombwa, husikia wakiachwa.