Gemu ya Kiboko Haina Kosa

Paukwa!

— Pakawa.

Mbona mnaitikia kivivu? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa bwawa, bwawa likawa na mwenyewe, na mwenyewe akawa haambiliki. Haya, kaeni. Jana mlinipa pedi ya kuchezea gemu, nikafungwa mara saba, mkacheka mkasema shangazi hajui kucheza. Hasira hazijaniisha. Sasa sikilizeni.

Mwaka huo jua lilikausha visima vyote, likabaki bwawa moja tu, la Kiboko. Kiboko hakutaka kugawa maji, wala hakutaka kuitwa mchoyo. Akafanya nini? Akatengeneza gemu. Akaweka runinga kibandani pembeni ya bwawa, akaiunganisha na sola, akaandika mlangoni: ANAYESHINDA ANAKUNYWA. ANAYEFUNGWA ANATOKA.

Akaja Swala. Kwenye runinga kuna kijitu kinachotakiwa kuvuka mto. Swala akabonyeza kitufe chekundu, ti, kijitu kikarukia jiwe. Akabonyeza tena, ti, kijitu kikakaa chini, kikateleza. Chubwi, kikazama.

"Chekundu si cha kuruka?" akauliza Swala.

"Ni cha kuruka," Kiboko akasema, "ila ukiwa juu ya jiwe ni cha kukaa."

"Imeandikwa wapi?"

"Gemu haina kosa. Kosa ni lako mchezaji. Anayefungwa anatoka."

Swala akatoka na kiu yake.

Akaja Ngiri. Yeye habari za jiwe alikwishazisikia kwa Swala asubuhi. Ti, akaruka. Kwenye jiwe akabonyeza cha kijani, ti, kijitu kikarudi nyuma. Chubwi.

"Cha kijani si cha kwenda mbele?"

"Ni cha kwenda mbele, ila ukiwa juu ya jiwe ni cha kurudi."

"Asubuhi hakikuwa hivyo, mzee."

"Sasa ndivyo kilivyo. Gemu haina kosa. Kosa ni lako mchezaji. Anayefungwa anatoka."

Ngiri akatoka na kiu yake. Na kila mnyama aliyekaribia kuvuka, Kiboko aliongeza sheria nyingine. Haandiki, haelezi, anaongeza tu. Yaani hata kusimulia kunanichosha.

Akaja Mama Kindi na watoto watatu, midomo imewapasuka kwa kiu. Yule mdogo hata kulia alishaacha. Kindi akacheza. Chubwi. Akaomba tena. Chubwi.

"Kosa ni lako," akasema Kiboko.

"Ni langu, mzee wangu. Kichwa changu chenyewe kidogo hivi. Ila kuna maneno huko nje yananiudhi. Wanasema gemu hii haivukiki, hata aliyeitengeneza haiwezi. Nikawaambia, mzee anavuka amefumba macho. Wakanicheka. Niwaite waone?"

"Waite," Kiboko akasema, kifua kimemjaa.

Wakaja wote, wakajaa kibandani. Kiboko akashika pedi. Ti, akaruka. Ti, akakaa. Chubwi.

"Hiyo nilikuwa napasha mikono."

Ti, akaruka. Ti, akarudi. Chubwi.

"Hii pedi ina vumbi."

Ti, ti, ti. Chubwi. Kiboko akaitupa pedi chini. "Nabonyeza mbele kinarudi nyuma! Ni mpumbavu gani aliyeweka sheria hii?"

Ngiri akaiokota pedi, akaifuta vumbi. Wanyama wana adabu zao.

Kindi akasema taratibu, "Mzee, tusaidie tuelewe. Gemu ina kosa? Kama ina kosa, basi sisi sote tulionewa, tutaingia tunywe pamoja nawe. Kama haina kosa, umefungwa, na mlangoni uliandika mwenyewe."

Kiboko akatazama maji. Akatazama gemu. Wewe na mimi tungesema gemu ina kosa, tukanywa wote, maji yalikuwa tele. Si yeye.

"Gemu ni nzuri," akasema. "Nimecheza vibaya."

Akatoka. Akaliacha bwawa lake lote, akashika njia ya vumbi, tumbo likiyumba, puu, puu, puu, mpaka wasimwone tena. Kindi akawasukuma wanawe majini. Yule mdogo akanywa mpaka akapata kwikwi. Ngiri naye akaingia kibandani, akachomoa waya wa sola.

Hadithi imefika mwisho wake. Aliyeipenda aondoke nayo, aliyechukia aiache hapa mkekani, nitaifagia.

Na funzo, maana najua mtaniuliza: ukifungwa, kama mimi jana, usimlaumu aliyetengeneza gemu. Kosa ni lako mchezaji. Kiboko mwenyewe alikiri hivyo mbele ya watu, na yeye ndiye aliyeitengeneza.