Mgomba Juu ya Kaburi la Hoza

Hapo zamani, na msinicheke nikitazama dari kwanza, kulikuwa na binti wa milimani aliyeitwa Mwantumu. Baba yake alishafariki. Aliishi na mama yake, Mama Hoza, na baba yake mdogo, Mzee Kaniki. Kaka yake, Hoza, alikuwa marehemu. Ndivyo alivyoambiwa.

Huyo Hoza aliua. Aligombania zamu ya maji ya mfereji na mtoto wa pekee wa Mzee Singano. Jembe likainuka, jembe likashuka, kijana wa watu akalala palepale. Mzee Singano akaapa kwamba damu italipwa kwa damu. Kesho yake ikapigwa mbiu: Hoza katumbukia korongoni akikimbia, kaharibika, hatazamwi. Mzee Kaniki akamwosha peke yake nyuma ya pazia, akamvika sanda, wakamzika. Mzee Singano akasema Mungu kamwahi, akarudi kwake.

Matanga hayajapoa, Mwantumu akaanza kusikia. Si usiku, maana usiku una mambo yake. Mchana, jua la utosi, wenzake wako shamba, yeye anapika peke yake. Juu ya mafiga kulikuwa na dari ya kuhifadhia mahindi. Akichochea kuni, moshi ukipanda, dari inakohoa.

"Mama, darini kuna mtu."

"Ni panya, mwanangu."

"Panya hakohoi, mama."

"Basi ni kichwa chako."

Akamwendea Mzee Kaniki. "Baba mdogo, darini kuna mtu."

"Ni upepo."

"Upepo haukohoi, baba."

"Basi ni kichwa chako." Na ngazi akaificha, eti imeoza.

Kichwa chako, kichwa chako, mpaka kijiji kizima kikajua. Akafukizwa, akanyweshwa dawa chungu. Alikuwa ameposwa; upande wa mchumba wakavunja uchumba, wakasema hawaoi kichaa. Kwanza Mwantumu aliiogopa dari. Baadaye akayaogopa masikio yake mwenyewe, na hofu ya namna hiyo haina pa kukimbilia. Akawa anapika huku akiimba kwa nguvu ili asisikie.

Masika yalipokwisha akaenda kupalilia kaburi la kaka yake. Akakuta mgomba umechipua katikati ya kaburi. Kila mtu kule anajua: aliyekufa maji asionekane, shina la mgomba huvikwa sanda likazikwa badala yake. Lakini shina hukatwa. Mzee Kaniki, kwa haraka, na kwa kutaka jeneza liwe zito mabegani mwa watu, aliung'oa mgomba na kisiki na mizizi yake. Kaburi nalo lilikuwa la kina kifupi, maana kule ni mawe matupu. Na kisiki cha mgomba kikipata mvua, hakijui kama kimevishwa sanda.

Akarudi nyumbani mbio, akasimama chini ya dari.

"Kaka Hoza, kama ni wewe, kohoa."

Sauti ikashuka kutoka darini, karibu mno: "Usipige kelele, Tumu."

"Ulinisikia nikilia?"

"Nilikusikia."

"Ulisikia wakiniita kichaa?"

"Kila neno. Ningeshuka, ningekufa."

Mama Hoza akaingia na mzigo wa kuni, akawakuta. Hakukana. "Mimi ndiye niliyebuni. Kichaa hupona, mwanangu. Maiti haponi. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Mzee Kaniki, aliyeingia nyuma yake, akaongeza: "Nami nimeapa mbele ya kaburi kwamba Hoza yumo. Nikitengua, watu wa Singano watazichoma nyumba zetu zote, na wewe umo ndani."

Hawajamaliza, hodi! Mzee Singano na wazee wa kijiji. Akapewa kigoda, akaketi karibu na mafiga.

"Mama Hoza, kuna mgomba kaburini kwa mwanao. Watu wanasema ni huyu binti na ugonjwa wake. Kama ni yeye, leo tunampeleka kwa mganga akafungwe kwenye gogo, asije akatuletea mkosi. Kama si yeye, tunafukua tuone umetokea wapi." Akamgeukia Mwantumu kwa upole, maana naye alishazika mtoto. "Binti yangu, ni wewe uliyeupanda?"

Mama Hoza akatazama moto. Mzee Kaniki akatazama fimbo yake. Juu, mtu akazuia pumzi, dari ikatikisika kidogo, na punje ya hindi ikaanguka mguuni pa Mzee Singano. Bado hajatazama juu.

Akisema ndiyo, Mwantumu anafungwa na akili zake timamu. Akisema siyo, kaburi linafukuliwa, na Hoza anauawa. Na wote wanamsubiri yeye.

Niliposimuliwa kisa hiki, watu wazima walikaribia kushikana mashati. Basi semeni ninyi, na msichelewe, kuni zinawaka na moshi unapanda. Yupo mama aliyebuni. Yupo mzee aliyeapa. Yupo kaka aliyesikia kila neno. Na yupo binti aliyeulizwa. Je, ni nani kati yao aliyestahili kufungua kinywa kwanza?